Daftari la Macho Manne

Watu hawajui kunyamaza. Hilo ndilo la kwanza. Ukiwaambia njooni tuangalie ndege, wao wanasikia njooni tupige soga. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilisimama kwenye geti la hifadhi, darubini shingoni, daftari kwapani, nikawangoja. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walinipandisha presha kabla jua halijapanda. Huyu kaja na viatu vinavyolia kwi, kwi, kwi. Yule kajimwagia manukato utadhani ndege ndio wanaokuja kumposa. Wa tatu simu inamwitia katikati ya matete, na badala ya kuizima anaipokea: "Haloo! Eeh, niko kwa ndege huku!" Uko kwa ndege gani, bwana, na wote umeshawafukuza?

Mimi ni fundi miwani. Nusu ya watu wa mji wetu wanatembea na fremu zilizopita mikononi mwangu. Miaka ishirini na mbili nimekaa kwenye duka lilelile, chumba kimoja chenye meza, taa ya kupinda shingo, kioo cha kukuzia, droo za skrubu ndogo kuliko chawa, na ukutani ubao wa herufi wa kupimia macho. Mwenyewe sijawahi kuvaa miwani. Nilikuwa nawatambia wateja, "Mimi namwona sisimizi akipiga miayo." Wakicheka, nawageuzia kioo wajitazame.

Hifadhi yenyewe si ya kumtishia mtu. Bwawa moja, matete, daraja la mbao, nguzo chache za uzio wa zamani zilizobaki majini, na nyuma yake barabara ya malori. Lakini ni yetu, na mwaka huu ilikuwa inatutoka. Mwezi wa kwanza baraza la mji lilitubandikia barua getini: wanataka kulifukia bwawa kwa kifusi pawe maegesho ya malori. Kikao cha uamuzi, Jumanne ya pili ya mwezi wa sita. Na katika barua hiyo hiyo waliandika kwamba wataongozwa na daftari la ndege la wananchi, miaka mitatu ya mwisho. Kama ndege bado wapo, bwawa linabaki. Kama wamehama, kifusi.

Nilipoisoma nilicheka kwa furaha. Daftari gani? Si langu? Kama kuna kitu cha kweli katika mji huu wa porojo, ni daftari langu.

Kanuni yake ni moja, inaitwa macho manne. Ndege haandikwi mpaka aonwe na watu wawili: aliyemwona kwanza, na mimi. Niliiweka miaka kumi iliyopita, baada ya jirani yetu mmoja tunayemwita Tumbaku kuapa kwa mama yake mzazi kwamba kamwona heroe, yule mwekundu wa miguu mirefu, amesimama kwenye matete. Tukaandika. Tukapiga simu magazetini. Kumbe ni mfuko wa plastiki wa rangi ya waridi umenasa kwenye tete! Nilichekwa mpaka sokoni. Tangu siku hiyo nikasema basi, hata uje na mashahidi kumi, mimi nisipomwona, hayupo. Watu walinung'unika, lakini daftari likaheshimika. Afisa mipango wa baraza mwenyewe alikuwa akiniita Mzee wa Kanuni.

Sasa niambie, kwa nini ndege walianza kupungua? Mwaka juzi tuliandika aina hamsini na nane. Mwaka uliofuata, thelathini na tano. Mwaka huu, mpaka mwisho wa mwezi wa tano, kumi na saba. Kumi na saba! Nilikuwa silali vizuri. Niliyalaumu malori kwa moshi. Nililaumu manukato, viatu, simu. Niliwagombeza watu wazima na akili zao mbele ya watoto wao. Hata darubini nayo ilianza kunifanyia jeuri: ukungu ndani ya lenzi. Nimeifungua mara tatu mezani kwangu, nimeifuta, nimeifunga, natoka nje naangalia, ukungu palepale. Na mdiria, ndege wangu mimi, yule wa buluu mwenye mdomo mrefu anayejirusha majini kama mtu aliyesahau kitu, nilikuwa sijamwona kwa miezi kumi na minne.

Aliyenichosha kuliko wote alikuwa shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Amestaafu kazi ya kukata tiketi kwenye kituo cha treni, na sauti aliyokuwa akiitia watu kwenye mabehewa hakuirudisha ofisini. Anakuja na kilemba chekundu. Nimemwambia mara ngapi nyekundu inatisha ndege? Ananijibu, "Kinachotisha ndege ni sura yako, shemeji, kilemba kinawatuliza." Na ndiye aliyekuwa akiwaona wengi kuliko mtu yeyote, au akisema anawaona, na mimi namkatalia. Chozi, yule mdogo anayefyonza maua. Simwoni, hapana. Mnana, yule msuka viota. Simwoni, hapana. Anavuta pumzi, ananiacha.

Mwezi wa nne akanishika pembeni. "Shemeji, hebu nielimishe. Kunguru yupo. Korongo yupo. Bata yupo. Wale wadogo wote wamehama. Wamehamaje wadogo peke yao? Waliitisha kikao?"

"Wadogo ndio waoga," nikamwambia. "Ukifungua mdomo wewe, korongo anavumilia. Chozi anazimia."

Watu wakaangua kicheko. Yeye pia alicheka, lakini alibaki ananitazama baada ya kicheko kwisha.

Basi ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya kikao. Watu arobaini na mmoja walikuja, hatujawahi kupata umati ule. Fundi seremala aliyetengeneza daraja alikuwepo. Baba Pacha na pacha wake. Mwalimu wa hesabu wa sekondari, ambaye mwezi uliotangulia nilimtengenezea miwani mipya. Hata Tumbaku alikuja, kavaa kofia, ananikwepa. Nikawaambia getini, "Jamani, leo nawaomba, siwagombezi, nawaomba. Leo tukipata ndege wa maji hata watano wa ziada, nitakuwa na la kusema Jumanne. Nyamazeni."

Na wakanyamaza! Watu walewale. Simu zimezimwa, viatu vimevuliwa na kushikwa mkononi. Tulipita kwenye matete nikasikia maji tu. Nilitaka kulia kwa furaha.

Darajani shemeji akanivuta mkono wa shati. Alinong'ona. Sikujua kama anajua kunong'ona.

"Mdiria. Kwenye nguzo."

Nikasogea ukingoni. "Nguzo ipi?"

"Ya tatu. Hatua kumi tu, shemeji."

Nikainua darubini. Niliona mng'ao wa maji na nguzo zimeungana kuwa kivuli kimoja kirefu. Nikazungusha, nikafuta lenzi kwa shati, nikainua tena.

"Simwoni."

"Yule pale, Fundi," Baba Pacha akanong'ona nyuma yangu. "Kageuza mdomo kwetu."

"Jamani, ile buluu!" mwanamke mmoja akasema.

"Tulia, usimtishe, anaangalia chini," akasema seremala.

Nikasikia chubwi majini, na watu arobaini wakavuta pumzi pamoja. "Kakamata! Kakamata samaki! Karudi palepale!"

Mimi naangalia palepale, sioni kitu.

Nitasema nilichofikiri, ingawa naona aibu. Nilifikiri wamekula njama. Nilifikiri wamekubaliana usiku kwenye simu zao kwamba mzee huyu mgumu, leo tumbane tu, wote tuseme mdiria, ataandika. Wameona bwawa linakwenda, wakaamua kulidanganyia. Na samaki ni jiwe karusha mmoja wa pacha. Damu ikanipanda kichwani.

"Mnaniona mjinga?" nilifoka, na kama kulikuwa na ndege, basi hapo ndipo aliporuka. "Miaka kumi nalinda daftari hili lisiingie uongo, leo mnataka nilichafue siku ya mwisho?"

"Shemeji, andika," akasema mwenye kilemba. "Watu arobaini wamemwona."

"Kanuni ni kanuni."

"Ya nani?"

"Yangu!"

Tumbaku, mtu wa mfuko wa plastiki, ndiye aliyejibu kutoka nyuma: "Nyani haoni kundule." Watu hawakucheka. Wakavaa viatu vyao, wakaondoka mmojammoja, na viatu vyote vililia. Nikafungua daftari, nikaandika kwa herufi kubwa, maana mwandiko wangu siku hizi nauandika mkubwa, nasema ni ili wazee wasome: MDIRIA, HAKUONWA. Nikapiga mstari chini, mara mbili. Kisha nikaenda moja kwa moja mpaka ofisi ya baraza, nikamkabidhi mlinzi daftari ampe afisa mipango. Kwa hasira zangu niliona nimetenda haki.

Jumatatu saa nne shemeji akaingia dukani. Sikumsemesha. Akasema anataka fremu, ile ya kahawia aliyoiona mwaka jana. Nikaenda chumba cha nyuma kuitafuta kwenye makasha. Niliporudi alikuwa amesimama katikati ya duka, amekunja mikono.

"Ubao wako ule, mtu anausomea wapi?"

"Hapo penye alama sakafuni. Unataka kupimwa?"

"Nataka kuona mtu anayejua akisoma. Simama wewe."

Niliona anatafuta suluhu kwa utani wetu wa kawaida, na mimi nilikuwa nimechoka kununa. Nikasimama kwenye alama. Herufi kubwa ya juu niliiona vizuri, nikateremka: mstari wa pili, wa tatu, wa nne, bila kusita, mpaka wa nane, ule wa chini kabisa ambao hata madereva vijana unawashinda.

"Umeridhika?" nikamwambia. "Na miaka hamsini na tisa hii."

Akaenda ukutani, akauondoa ubao kwenye msumari, akaja nao mpaka puani kwangu.

Hapa nieleze. Ubao wangu una pande mbili. Herufi ya juu ni ileile, zilizobaki ni tofauti. Niliuagiza hivyo kwa makusudi, kwa sababu ya madereva: wanakuja kupimwa ili wapate leseni, wanaambizana herufi nje ya mlango, wanaingia wanakariri. Mimi nikimshuku mtu nageuza ubao, namuumbua. Nimewaumbua wengi, na nimewasimulia watu visa vyao nikicheka.

Upande uliokuwa mbele ya pua yangu ulikuwa wa pili. Mimi nilikuwa nimesoma wa kwanza, wote, mistari minane, kutoka kichwani.

"Niliugeuza ulipokwenda kutafuta fremu," akasema taratibu.

Kila mwezi wa kwanza wa mwaka nilikuwa nasimama kwenye alama ile, peke yangu, mlango nimefunga, najipima. Na kila mwaka najipa alama zote. Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi nilikuwa najinyoa kila mwaka na wembe usio na makali, na nikijisifu nimependeza. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Ukungu ule haukuwa wa lenzi; ulikuwa mtoto wa jicho. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Halafu lile la pili likanijia, na hilo ndilo lililonivunja. Hamsini na nane, thelathini na tano, kumi na saba. Ndege hawakuhama. Chozi yupo, mnana yupo, mdiria alikaa hatua kumi mbele yangu akala samaki wake. Mimi ndiye niliyewafuta, mmojammoja, kwa kalamu yangu, mbele ya watu waliokuwa wananionyesha kwa kidole. Na daftari lilikuwa tayari mezani kwa afisa.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimgeukia kwa ukali, maana hasira lazima itue mahali.

"Nilikwambia mwezi wa nne, ukanitania mbele ya watu. Mdogo wangu naye anajua. Mwezi mzima unamimina chai nje ya kikombe, anafuta, ananyamaza. Nani anakuambia kitu wewe, shemeji? Wewe ukisema hakipo, hakipo."

"Sasa mnataka nikasimame kesho ukumbini niseme nini? Fundi miwani haoni? Keshokutwa nani ataniletea jicho lake?" Nilinyoosha mkono ukutani, kwenye fremu zote. "Hii ndiyo kazi ninayoijua. Skrubu nazifunga kwa vidole, hakuna aliyelalamika!"

"Sikupangii la kusema," akasema. Akaurudisha ubao kwenye msumari, upande wa kwanza. "Macho ni yako, duka ni lako. Bwawa ndilo letu sote." Akatoka, na fremu ya kahawia akaiacha mezani.

Jumanne ukumbi ulijaa. Watu wangu wa Jumamosi walikaa upande wa madirisha, mimi nikakaa upande wa mlango na mke wangu. Hakuna aliyenisalimia. Afisa mipango akasimama na daftari langu mkononi, na Mungu anisamehe, alilisifu.

"Waheshimiwa, hapa hatuhitaji kubishana," akasema. "Daftari hili tunalijua wote, na ukali wa mwenyewe tunaujua. Haandiki asichokiona. Aina hamsini na nane, thelathini na tano, kumi na saba. Bwawa limekufa. Ndege wenyewe wamelikataa kabla yetu."

"Uongo! Tulimwona mdiria Jumamosi!" Baba Pacha akasimama.

Afisa akafunua ukurasa, hana haraka. "Jumamosi imeandikwa: Mdiria, hakuonwa. Na imepigiwa mstari. Mara mbili."

Baba Pacha akakaa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Mke wangu hakunigusa wala hakunitazama. Nilifikiria duka, ubao, kiti cha wateja. Nilifikiria pia kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua, shemeji hatanisema, na malori yataegeshwa vizuri tu juu ya mdiria.

Nikasimama. "Daftari si la kweli," nikasema.

Minong'ono. Afisa akatabasamu, nadhani alitabasamu, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetabasamu. "Fundi, wewe si ndiye uliyeliandika?"

"Ndiyo. Na aliyeliandika haoni." Nikishaanza sijui kurudi nyuma. "Nina mtoto wa jicho. Nimejua jana. Ndege waliopungua humo ni wale nilioshindwa kuwaona mimi. Watu hawa waliwaona wote, nikawakatalia. Jumamosi nikawaita waongo. Mdiria alikuwepo."

"Jana ndiyo umejua? Fundi miwani?" Mtu akacheka huko nyuma. Wallahi ningekuwa na macho yangu ningemfuata.

"Fundi miwani," nikamjibu. "Ubao wa duka langu nimeukariri. Nimekuwa nikijipima kwa kukariri."

Hapo hakuna aliyecheka.

Wakanong'onezana mezani, afisa na mwenyekiti. Kisha afisa akasema maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili. Nikubali kwa maandishi, pamoja na sababu, na niweke sahihi. Hapo uamuzi utaahirishwa, na hesabu itarudiwa Jumamosi nne mfululizo, daftari likishikwa na mtu mwingine. Karani akaandika, akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale pa "sioni vizuri". Akaniwekea karatasi mezani, akanipa kalamu.

"Sahihi hapo, kwenye mstari wa vitone."

Niliinama. Karatasi ilikuwa nyeupe, yote. Nikajua naweza kuchora jina langu popote, nikatoka na heshima kidogo. Lakini sahihi ikikaa pasipo pake, huyu bwana angeirudisha, namjua, tumefundishana.

"Shemeji," nikasema, na ukumbi mzima ulisikia. "Mstari uko wapi?"

Nikasikia kiti kikisogea upande wa madirisha. Akaja, hakunitania. Akashika kidole changu cha shahada, akakiweka kwenye karatasi, akakishikilia hapo. Nikaandika jina langu kuanzia kwenye kidole. Afisa akaichukua, akapiga mhuri.

Bwawa lilikuwa limepona, kwa Jumamosi nne. Wanawake wa upande ule walianza vigelegele, Baba Pacha akapiga meza. Nilikuwa nageuka kurudi kwenye kiti changu niliposikia kitu kingine, kidogo, chini ya kelele hizo. Tap. Naijua sauti ile kwa sababu bawaba yake huwa naikaza mwenyewe: kikasha cha miwani kikifungwa. Ilitoka pale alipokaa mwalimu wa hesabu. Mtu kavua miwani niliyomtengenezea, kaiweka ndani.

Tap, karibu na dirisha. Tap, nyuma ya mke wangu. Nilihesabu mpaka saba, kisha nikaacha kuhesabu.